Mikanda ya Dari ya Mama

3 Machi

Daftari hili si langu. Nimepewa na dada wa mazoezi hospitalini, niandike kila siku mama amekula nini, amekaa mara ngapi, amesimama au hakusimama. Nilimwambia mimi ni fundi cherehani, nikishika kalamu huwa naandika vipimo vya viuno na mabega tu. Akasema, "Basi andika vipimo vya mama." Haya.

Mama amelala chali. Amekula uji nusu bakuli. Hajakaa, hajasimama. Nyonga imeungwa kwa vyuma na daktari anasema ni wakati wa kuanza kusimama kwa ile fremu ya miguu minne. Mama anasema daktari aje asimame yeye.

Alianguka akiwa juu ya stuli, anafuta doa la dari humuhumu chumbani. Doa lina miaka mingi. Bati lilizibwa, doa likabaki, rangi ya chai, limetambaa kutoka kona ya dirisha hadi katikati. Kila mwaka mama anamwambia baba alipake, kila mwaka baba anasema kesho. Na baba alikuwa fundi rangi miaka thelathini na tisa! Amepaka shule, benki, nyumba za watu wenye nyumba mbili. Yake hakuigusa. Wanasema mganga hajigangi, lakini mganga huyu hata kumtazama mgonjwa alikuwa hataki.

Kaka yangu, ambaye tangu utoto tunamwita Bosi kwa sababu alizaliwa akitoa amri, amesema neno lake kabla ya kurudi kwake. Ruhusa yangu kazini inakwisha tarehe 12 Mei, na baba hana nguvu za kumwinua mtu. Kwa hiyo Bosi atakuja tarehe 10. Akimkuta mama anaweza kutoka kitandani kwenda chooni na kurudi bila kushikwa, mama abaki. Mama akishindwa, Bosi anamchukua akaishi kwake, safari ya siku nzima kutoka hapa. Mama peke yake. Huko kuna chumba kimoja cha ziada chenye kitanda kimoja, na baba atalinda nyumba. Mama alisikiliza huku akitazama dari. Baba alitoka akakaa barazani.

4 Machi

Mvua. Uji. Hajakaa.

5 Machi

Mvua. Uji na yai. Kakaa dakika mbili, kanisema dakika tano.

8 Machi

Leo nilimkuta mama ametoa macho juu.

"Unaliona lile doa?" akaniuliza. "Asubuhi linafanana na mbuzi. Jioni linafanana na marehemu mama mkwe wangu."

"Mama, nilikwambia usipande stuli. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mkuu yupi? Mkuu wa nyumba hii yuko barazani anahesabu matone ya mvua."

Baba alikuwa mlangoni, kasikia yote. Akauliza, "Umelalaje leo?" Mama akajibu, "Chali." Baba akasimama kidogo, akaona hakuna la kuongeza, akarudi kwenye kiti chake. Hivyo ndivyo walivyo. Miaka arobaini na moja ya ndoa na mazungumzo yanakwisha kwa neno moja. Nilimwambia mama afanye mazoezi, la sivyo Bosi atamchukua. Akaniambia, "Acha anichukue. Kwake dari ni safi."

Nadhani anataka kwenda kweli. Nimeumia, lakini simlaumu.

12 Machi

Baba alitoka asubuhi bila kuaga. Saa nane akarudi amelowa chapachapa, kichwani amebeba furushi refu la nailoni, refu kuliko yeye. Nilidhani ni mabomba. Akalifungua sebuleni: mikanda ya foamu, ile nyeupe nyepesi ambayo televisheni mpya huja imefungwa nayo kwenye boksi. Hii imechongwa mawimbi na vijani, ya kubandikwa pale ukuta unapokutana na dari. Mikanda kumi na miwili. Uzito wote haufiki kuku mmoja.

"Ya nini, baba?"

"Ya chumba cha mama yako. Kama lazima aangalie juu, basi kuwe na kitu cha kuangalia."

Nilitaka kumuuliza alikuwa wapi miaka arobaini. Nikaenda kumkaushia shati.

13 Machi

Baba kapaka dari yote kwa rola, koti mbili, moja juu ya nyingine. Mama alilala sebuleni kwenye godoro. Doa limezikwa. Kila ukingo wa dari kaacha mstari uliopindapinda, umekwenda kama mlevi anarudi nyumbani. Nilishangaa, lakini niliona ni uzee wa macho, nikanyamaza.

14 Machi

Mama kala wali. Hajakaa. Anasema mbuzi wake kafa.

16 Machi

Leo nimefanya jambo baya na ninaliandika nikiwa bado nalionea aibu.

Baba aliipanga mikanda juu ya viti sebuleni, akafungua kopo la rangi ya mafuta, rangi ya maziwa, akaizimua kwa tina, ile dawa kali ya kulainishia rangi, kama alivyozoea. Nilimkumbusha kwamba muuzaji kaandika kwenye karatasi ya nailoni: rangi ya maji tu. Akacheka. "Rangi ya maji ni ya kuogea. Nimepaka milango ya benki kwa mafuta na hadi leo unajiona uso." Basi. Fundi mkubwa kasema.

Mkanda wa kwanza aliupaka wote, na kwa kweli uling'aa vizuri mno. Akahamia wa pili. Alipofika katikati nikasikia kitu kinachachatika polepole, kama mafuta yanayoanza kupata moto. Nikageuka. Mkanda wa kwanza ulikuwa unakufa. Vijani vilikuwa vinasinyaa, mawimbi yanazama, katikati pametokea shimo na shimo linatanuka. Baba akaushika ili auokoe, ukamgandia vidoleni kama ubani uliotafunwa. Wa pili nao ukaanza. Na kwa sababu kopo la tina lilipinduka katika ile purukushani, mingine miwili iliyokuwa chini ikaliwa kuanzia miguuni.

Ningeweza kucheka. Siku nyingine ningecheka. Badala yake nilipiga kelele.

"Umeambiwa! Karatasi imeandikwa! Umezeeka, baba, huwezi tena, hata kitu cha dakika kumi huwezi! Miaka yote mama anakuomba, leo ndiyo umekumbuka, na hata leo umeharibu! Bora aende kwa Bosi!"

Nyumba yetu ina kuta nyembamba. Mama alisikia kila neno.

Baba alikusanya mabaki, akafuta sakafu, akafunga kopo kwa kuligonga mfuniko pande nne, taratibu, kama anavyofanya fundi anayejua kopo litafunguliwa tena. Kisha akatoka.

17 Machi

Baba hajala.

18 Machi

Mvua kubwa. Baba kanywa chai tu. Mama ananiita "wewe", si "mwanangu".

19 Machi

"Funga mlango ukae," mama aliniambia leo. Nikakaa kitandani.

"Umewahi kumwona baba yako akishika kikombe?"

"Kila siku."

"Umemwona akikishika kwa mkono mmoja?"

Nikafikiri. Sikuweza kukumbuka.

"Mkono unamtetemeka. Mwaka wa nne sasa. Ulidhani aliacha kazi kwa uvivu? Alimpakia mtu nyumba nzima, alipofika kwenye mstari wa dari, pale ambapo rangi mbili hukutana, mkono ukakataa. Mwenye nyumba alimwita fundi mwingine mbele yake. Alirudi hapa, akaning'iniza brashi, akasema amechoka. Nami nikajifanya nimeamini."

"Na mikanda?"

"Mikanda inafunika mstari, mwanangu. Fundi anayeweza kupiga mstari hahitaji mkanda."

Nimekaa na maneno hayo siku nzima. Miaka ile mingine yote ya kesho, kesho, hiyo ni yake na sitamtetea. Lakini hii minne nilimhukumu bila kumsikiliza. Nikauliza kwa nini mama naye aliendelea kumsema kuhusu doa wakati alijua. Akageuza uso. "Nilitaka anikatalie kwa sababu ya kweli. Hata mara moja."

20 Machi

Nilimpelekea baba chai barazani, kikombe nusu, ili isimwagike. Nikamwambia, "Baba, nisamehe. Nilisema ovyo." Akakitazama kikombe, akaelewa kwamba naelewa. Akasema, "Sindano haichagui nyama." Sindano ndilo jina alilonipa nikiwa na miaka sita, kwa ulimi wangu, hata kabla sijajua cherehani. Kisha akasema, "Karatasi niliiona. Kichwa kilikataa kuisoma." Tukanywa chai.

22 Machi

Tumeenda dukani wawili, chini ya mwavuli mmoja uliovunjika ubavu. Rangi ya maji, brashi mbili laini, gundi ya maji, puti ya kuzibia mianya. Muuzaji akataka kumweleza baba jinsi ya kupaka foamu. Baba akavua kofia, akamsikiliza mpaka mwisho kama mwanafunzi. Sijawahi kumwona hivyo. Kwanza tulijaribu kwenye kipande cha taka. Tulikitazama saa nzima kama watu wanaosubiri maziwa yachemke. Hakikufa.

25 Machi

Leo yametokea mambo.

Baba aliniambia nipake mimi, yeye anielekeze. Nilikuwa na nguo za kufua. Mama akaita kutoka chumbani, "Uleteni huo mkanda niuone, mnauongelea kama mkwe." Baba akaupeleka. Mama akaushika, akaupandisha na kuushusha kwa vidole viwili. "Huu ndio mzigo mnaoulalamikia?"

Baba akasema, "Ungeweza kuupaka hata wewe."

Mama akadhani anadharauliwa. "Ningeweza, tena kuliko wewe."

"Ukiwa umelala rangi itakudondokea puani."

Mama akanitazama. "Niinue."

Andika, dada wa mazoezi: mama kakaa dakika arobaini! Mgongo umeegemea mito, ubao wa kukatia vitambaa umewekwa mapajani, mkanda juu ya ubao. Baba kakaa kwenye stuli, ileile ya ajali, anamwongoza. "Chovya kidogo. Kidogo. Hiyo ni rangi, si mchuzi. Ingiza kwenye mfereji kwanza, halafu juu. Usirudie palipoanza kukauka." Mama anajibu, "Kelele, fundi." Kapaka mkanda mmoja. Umejaa michirizi. Baba kauinua kwenye mwanga wa dirisha, kautazama kwa muda mrefu. Akasema, "Koti ya kwanza huwa hivyo." Huo ni uongo, na ni uongo mzuri kuliko yote niliyomsikia akisema.

28 Machi

Kakaa saa moja na nusu. Mkanda wa tatu.

2 Aprili

Kakaa asubuhi na jioni. Wamegombana kuhusu michirizi. Nilifurahi sana kuwasikia.

6 Aprili

Mama kasimama kwa fremu! Alitaka kuchungulia kama mkanda wa kwanza, uliokuwa umeegemezwa ukutani, umekauka sawa. Kasimama kabla hajakumbuka kwamba hataki. Dakika moja, jasho lote. Baba alisimama nyuma yake, mikono wazi, kama kipa. Dada wa mazoezi alipopita alasiri akasema tukiendelea hivi, mwisho wa mwezi atakwenda chooni mwenyewe. Nilimpigia Bosi nikamwambia. Akasema, "Nitaona kwa macho yangu."

13 Aprili

Hatua mbili. Nimemshika mimi.

15 Aprili

Hatua mbili. Akasema mguu umegoma, akarudi kitandani kuchukua brashi.

19 Aprili

Hatua mbili tu tena. Hatuendi mbele. Mvua pia haikatiki, nguo hazikauki, rangi haikauki, na mimi nimechoka kuandika "hatua mbili".

22 Aprili

Baba leo kaukataa mkanda wa saba. Kampelekea mama, akamwonyesha kwa kidole: hapa rangi imejaa, hapa kijani kimezibwa, piga msasa, rudia. Nilimvuta kando jikoni. "Baba, siku zinakwisha. Mwambie aache brashi ashike fremu! Mikanda hii hata isipokamilika hakuna atakayekufa." Akasema, "Kazi nzuri haina haraka." Nikamuuliza ni nani aliyemwambia, maana miaka arobaini hakuna aliyemwona na haraka yoyote. Akacheka peke yake, akaenda nje kuosha brashi bombani. Huwa anaziosha asubuhi ninapokwenda sokoni na alasiri ninapofua. Brashi mbili, nusu saa nzima.

26 Aprili

Hatua mbili. Mkanda wa saba, koti ya tatu. Mungu nipe subira.

30 Aprili

Mama anacheka. Nilikuwa nashona pindo sebuleni nikasikia. Baba anamsimulia jinsi alivyowahi kupaka ukuta wa jirani badala ya ukuta wa mteja, akapaka wote, na jirani akatoka kumshukuru. Mama anasema, "Hukuwahi kunisimulia haya." Baba anasema, "Nilikuwa nikirudi umelala." "Nilikuwa nimefumba macho tu, wewe." Nikaacha kushona.

Siku hizi sielewi tena nani alimkosea nani katika nyumba hii. Nilikuwa na orodha ndefu, na yote ilikuwa na jina la baba. Nimeanza kuona kwamba walikuwa wawili wanaosubiriana, kila mmoja upande wake wa mlango.

4 Mei

Tumeanza kubandika. Mikanda minane iliyobaki inatosha kuta tatu na kipande. Mimi niko juu ya ngazi, baba anapaka gundi nyuma ya mkanda na kunipa, mama kitandani ni msimamizi. "Kushoto. Kushoto kwako, si kwangu. Umepanda." Kona ya kwanza imeachia mwanya wa kidole; baba kauziba kwa puti, akaulainisha kwa kidole gumba. Kidole gumba hakitetemeki kikibonyezwa. Mstari ule wa mlevi umefunikwa karibu wote.

Nilishuka nikamwambia mama, "Sasa hatua."

"Kesho," akasema. Baba akaangalia pembeni.

7 Mei

Bosi kapiga simu: ataanza safari kesho kutwa, atalala mjini kwa rafiki, atafika hapa asubuhi ya tarehe 10. Kasema nimfungashie mama nguo za mwezi kwanza.

9 Mei

Nimefungasha. Gauni nne, kanga, viatu vya kufunga, dawa, miwani. Kila nguo niliyoikunja nilimwona mama ameivaa jikoni. Mama alikuwa ananitazama kitandani, hakusema hapana. Nilimwambia, "Mama, jaribu hata mara moja leo, nikushike." Akasema amechoka. Nikalia mbele yake bila kujizuia. Akanipapasa kichwa, akasema, "Mwanangu, usiwe na haraka ya kulia."

Baba yuko juu ya stuli, anapaka mahali ambapo palikwisha kupakwa.

10 Mei

Mvua ilikatika jana, na leo jua limetoka kama halikuwahi kuondoka.

Bosi alifika saa tatu. Akavua viatu, akamsalimia mama, akambusu mkono, akaangalia juu. "Loo. Nani kafanya?"

"Mimi na fundi wangu," mama akasema.

Bosi akasifu, kwa kuwa si mtu mbaya, mwenye amri tu. Kisha akaona mfuko mlangoni, akashusha pumzi. "Sasa mama, tulikubaliana. Nioneshe, au twende."

Nikasogea ili nimshike. Mama akanizuia kwa kiganja. Akajivuta hadi ukingoni mwa kitanda, akavaa kandambili, akaishika fremu, akasimama. Hakutetemeka, hakushikilia ukuta. Akatoka mlangoni: ko, ko, ko, kwenye saruji ya ukumbini. Tukasikia mlango wa choo ukifungwa. Tukasikia maji. Tukasikia mlango ukifunguliwa. Ko, ko, ko. Akarudi, akakaa mahali pake, akamwambia Bosi, "Nikija kwako nitakuja mgeni. Mgeni hula vizuri."

Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni. "Mama! Tangu lini?"

Mama akaona aibu, jambo ambalo sijawahi kuliona. "Wiki tatu. Ukienda sokoni na baba yako akiwa bombani."

"Wiki tatu! Mimi nafungasha, mimi nalia—"

"Nisamehe. Nilijua leo nitaweza." Alikuwa anazungumza nami lakini anaitazama mikono yake. "Nikianza kutembea, kazi imekwisha. Huyu anarudi barazani kwake. Miaka arobaini na moja sijawahi kukaa naye mchana mzima. Nikasema, acha niumwe kidogo zaidi."

Sote tukamgeukia baba. Alikuwa amesimama kando ya dirisha, brashi mkononi, na katika watu wanne ndani ya chumba kile ni yeye tu ambaye hakuwa ameshangaa.

"Baba," nikasema taratibu, "ulijua?"

"Bomba liko chini ya dirisha la ukumbini," akasema. "Fremu ina kelele."

Mama akainua uso. "Ulinisikia? Tangu mwanzo? Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungenifukuza." Mkono wenye brashi ulikuwa unatetemeka, naye hakuuficha. "Ndiyo maana niliukataa mkanda wa saba. Ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri kuliko yangu."

Bosi alifungua kinywa, akakosa amri ya kutoa, akauinua mfuko wa nguo akaurudisha kabatini. Mama aliendelea kumtazama baba, kwa muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata. Macho yalikuwa yamejaa.

"Dari ya jikoni," akasema, "umeiangalia ilivyo?"

Baba akaweka brashi chini. "Nimeiangalia. Mbaya sana ile. Itachukua muda."